Hodi Tatu kwenye Mlango wa Chuma

Wafagiaji wa jumba lile la sinema hawangoji picha iishe. Dakika kumi kabla ya mwisho hufungua mlango wa nyuma polepole, husimama gizani wakiegemea ukuta na mifagio yao mkononi, ili taa zikiwaka tu waanze na safu ya nyuma kushuka hadi ya mbele. Kati ya onyesho moja na jingine hakuna nafasi hata ya kukuna kichwa. Kwa kazi hiyo Mama Mwisho alikuwa ameona miisho ya sinema chungu nzima, na mwanzo hakuujua hata mmoja. Aliona watu wakikumbatiana bila kujua waligombea nini. Aliona watu wakizikwa bila kujua walikosa nini. Muuza tiketi ndiye aliyempa jina hilo, nalo likamkaa kama gauni la kushonewa.

"Mama Mwisho, ile ya saa nane inaishaje?" angemuuliza kupitia kidirisha chake.

"Wanakufa wote isipokuwa mbwa."

"Basi sihangaiki nayo. Afadhali mbwa kapona."

Hapo wangecheka kidogo, kisha kila mmoja angerudi kwenye shughuli yake. Siku nyingine hayo ndiyo yalikuwa maneno yote aliyozungumza na mtu tangu asubuhi mpaka anarudi chumbani kwake.

Shule hakukanyaga. Baba yake alisema madaftari ni ya kaka zake, kaka zake wakasoma, na leo hakuna hata mmoja anayejua dada yao anakaa wapi. Aliolewa na fundi wa friji, mtu mwenye maneno matamu na mikono isiyotulia. Waliishi chumba kimoja chenye mlango wa chuma uliopakwa rangi ya kijani. Mwaka wa tatu wa ndoa Mama Mwisho alianguka kutoka kwenye ngazi akifuta taa za sinema, akavunjika mguu, akalazwa kitandani miezi minne akiwa na plasta mpaka pajani. Ndipo fundi alipoleta kitabu kinene kisicho na jalada, akavuta kiti karibu na kitanda, akamtajia jina lake, akaanza kumsomea. Kila akitoka kazini, kabla hata ya kunawa, alisoma sura moja.

Kilikuwa kitabu cha zamani sana, cha mambo ya nyota na vyombo vya angani. Kilihusu mwanamke mlinzi wa kituo kwenye dunia ya mbali yenye majua mawili, moja kubwa na moja dogo. Kazi yake ilikuwa kuwasha taa kubwa ili vyombo vinavyopita visipotee. Aliishi peke yake. Siku moja chombo kiliharibika, fundi wake akashuka kukitengeneza, akakaa naye siku tisa, na alipoondoka akamwambia: jua dogo likivuka mara kumi na moja, nitarudi. Mlinzi akawa anapiga deki sakafu ya kituo, anawasha taa, anahesabu. Na jua dogo lilipovuka mara ya kumi na moja, mlango wa chuma wa kituo ukabishwa hodi. Mara tatu. Kitabu kikaishia hapo, na fundi wa friji akakifunga akamtazama mkewe, na mkewe akalia kwa raha mpaka plasta ikalowa.

Miaka miwili baadaye fundi aliaga anakwenda kutafuta vipuri. Hakurudi. Watu ndio waliokuja kumwambia kwamba ana nyumba mji mwingine, na mwanamke anayeshona mapazia. Alikuwa amebeba zana zake, blanketi zuri, na kitabu.

Miaka kumi na sita ilikuwa imepita, na Mama Mwisho hakuwa amemsamehe hata nukta. Akimkumbuka alimtukana, akichoka kumtukana alianza upya. Jambo moja tu hakulitia kwenye matusi: zile sura, na kile kiti karibu na kitanda. Hapo, alisema moyoni, alikuwa mtu. Hapo hakudanganya.

Mdogo wake wa kike, aliyekuwa na nyumba kubwa na watoto walioshaondoka, alikuwa amemwita mara tatu akakae naye.

"Dada, hicho chumba umekioa?" alimuuliza mara ya mwisho kwenye simu. "Kina nini? Kinavuja, choo kiko nje, jirani zako hata salamu hawana. Niambie kina nini."

"Nimekizoea."

"Hata chawa huzoeleka. Nipe jibu mwisho wa mwezi huu. Nikikosa, chumba chako hapa kwangu namweka mpangaji, wala sikuiti tena."

Hakumwambia mdogo wake sababu, kwa kuwa hata yeye mwenyewe hakuwahi kuisema kwa sauti. Mtu akitaka kubisha hodi, lazima aukute mlango anaoujua.

Basi siku lilipobandikwa ukutani bango la sinema mpya, na muuza tiketi akamsomea jina la sinema hiyo, Mama Mwisho aliachia ndoo mkononi. Kitabu chake kilikuwa kimetengenezwa sinema. Usoni hakuonyesha kitu, ila wiki nzima alifua sare yake kila siku. Mtu mwingine angeomba ruhusa aione picha yote. Yeye hakuona haja. Mwanzo alikuwa nao, sura kwa sura. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, mwisho ungekutana na mwanzo wake. Na zile hodi tatu angezisikia kwa masikio, ukumbi mzima ukizisikia pamoja naye.

Jumamosi mchana aliingia dakika ishirini mapema. Kwenye skrini alikuwapo msichana wa miaka kama ishirini, midomo myekundu, bunduki begani. Mama Mwisho alidhani ni mtu mwingine, akamngoja mlinzi. Mlinzi hakuja; huyo ndiye aliyekuwa mlinzi. Majeshi yalishuka, kituo kikalipuka kwa moshi wa kila rangi, taa kubwa ikaanguka, na msichana akapanda chombo chenye bendera akicheka na askari watano. Muziki ukapanda. Mlango wowote uliokuwapo ulikwisha kuwa majivu.

Taa ziliwaka. Alifagia safu mbili, akatoka na ufagio wake mkononi.

Nje ya ukumbi, karibu na ngazi, watu kumi hivi walikuwa wamesimama hawataki kuondoka, wengi wao watu wazima, baadhi wakiwa wameshika kile kitabu, kimechakaa kwa kushikwa. Walikuwa wamekasirika kama watu walioibiwa.

"Bunduki! Ukurasa gani una bunduki?"

"Mlinzi ana miaka arobaini na saba, imeandikwa wazi, ana magoti mabovu. Huyu magoti yake umeyaona?"

"Niliyaona sana, ndiyo tatizo."

"Majua mawili wameweka moja. Moja! Wameshindwa hata kuhesabu mpaka mbili." Aliyesema hivyo alikuwa mwalimu wa hesabu, mrefu, mwenye shati lililofungwa mpaka kifungo cha juu.

Mama Mwisho hakuwa na tabia ya kuingilia maneno ya wateja. Lakini miguu ilimpeleka. "Na kudeki?" alisema. "Kudeki kwake kumekwenda wapi?"

Waligeuka. "Mama naye amekisoma!" alidakia bibi mmoja wa miwani, akamsogezea nafasi. "Haya, waambie, mama. Sema nao."

Wakampokea, wao na kitabu chao, naye na ufagio wake. Akawaambia jinsi taa ilivyokuwa inakoroma kabla ya kuwaka, wakasema kweli kabisa. Akawaambia zile siku tisa, wakaitikia. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu asimame katikati ya watu wanaomsikiliza, na raha ile ilimlegeza ulimi.

"Lakini kubwa kuliko yote," alisema, "wameondoa hodi. Fundi anarudi! Anabisha mlango mara tatu, basi, kitabu kinaisha. Wamewezaje kuliondoa hilo?"

Mtu mmoja alikohoa.

"Mama," alisema bibi wa miwani, taratibu, "fundi harudi."

"Anarudi."

"Harudi, mama yangu. Ndiyo maana ya kitabu chenyewe. Miaka sitini watu wanalia kwa sababu harudi."

"Pengine mama alisoma kingine," alisema kijana mmoja nyuma. "Kile cha mapishi." Wawili watatu wakacheka.

"Imeandikwa!" Sauti ya Mama Mwisho ilipanda. "Mwishoni kabisa, imeandikwa!"

Mwalimu wa hesabu, bila ubaya wowote, alifungua ukurasa wa mwisho na kumpa kitabu. "Basi tuonyeshe, tujue."

Alikishika. Herufi zilikuwa zimejipanga pale kama siafu, hata moja haikumtazama. Alijikaza kisabuni, akapitisha kidole kwenye mstari wa chini kabisa, akaona macho yote yanakifuata kile kidole.

"Sina miwani," alisema.

Bibi alianza kuvua yake ampe, na mwalimu akamshika mkono kumzuia. Alikuwa ameelewa. "Kaa nacho, mama," alisema. "Ukipata miwani yako utakitazama kwa nafasi. Nitapita kukichukua." Kundi likasambaa kwa adabu ile inayouma kuliko kicheko.

Jumatatu asubuhi, kabla onyesho la kwanza halijaanza, alikaa kwenye ngazi za nyuma na muuza tiketi. "Nisomee mwanangu. Sura ya mwisho. Usiruke hata neno, wala usinionee huruma."

Muuza tiketi alisoma. Jua dogo lilivuka mara ya kumi na moja. Mlinzi aliketi, akasikiliza, akasikia upepo. Kisha likavuka mara ya kumi na mbili, na ya thelathini, na mlinzi akaacha kuhesabu. Nywele zikawa nyeupe. Katika mstari wa mwisho aliinuka akawasha taa, kwa sababu ilikuwa saa ya kuwasha taa.

"Basi?"

"Basi, Mama Mwisho. Hapa chini ni karatasi tupu."

"Na mlango wa chuma?"

Muuza tiketi alirudi nyuma, akapekua, akasoma kimoyomoyo. "Milango ya hiki kituo ni ya kioo. Mtu akikaribia inafunguka yenyewe. Hata angerudi, hapakuwa na pa kubisha."

"Kudeki je? Tafuta kudeki."

Alitafuta muda mrefu. "Kuna mashine ya kufagia, inatajwa mara moja tu. Huyu mwanamke hashiki ufagio popote."

Watu wa sinema walikuwa wamemwekea mlinzi bunduki na midomo myekundu. Fundi wa friji naye alikuwa amemwekea ufagio, sabuni, na mlango wa chuma wa rangi ya kijani. Alikuwa ameketi pale na kitabu wazi mapajani, macho kwenye maneno haya ya huzuni, na mdomo wake ukasema mengine. Mguu wa mkewe ulikuwa kwenye plasta, na hakutaka kumsomea upepo.

Kwa kitambo kidogo moyo wake ulilainika, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyewahi kumtungia kitu. Kisha ukawa mgumu kuliko mwanzo. Kwa hiyo alijua! Alijua barabara jinsi mtu anavyotamani kusikia mlango wake ukibishwa. Alilijua mpaka akalitunga kwa kinywa chake, akamwona akilia kwa raha. Halafu akabeba zana na blanketi akaenda kwa mshona mapazia. Mjinga asiyejua ungeweza kumvumilia. Yule alikuwa anajua.

"Mimi naona yako ni nzuri zaidi," alisema muuza tiketi, akimpa kitabu. "Ile ya hodi."

"Si yangu. Na wala haipo," alisema Mama Mwisho. "Nipe simu yako, mwanangu."

Mdogo wake alipokea akiwa na haraka, sufuria zikilia nyuma yake. "Dada? Kuna msiba?"

"Hakuna. Kile chumba bado kipo?"

Sufuria zilinyamaza. "Kipo," alisema mdogo wake. "Kina vumbi."

"Vumbi niachie mimi. Nakuja mwisho wa mwezi."

Kitabu alikiacha kwenye kidirisha cha tiketi, mwalimu wa hesabu akija akikute. Siku ya mapumziko yake alifunga vitu vyake, navyo havikujaza hata masanduku mawili. Alifungua mlango wa kijani mpaka ukagonga ukuta, akaweka tofali usirudi, na kutwa nzima akaingia na kutoka hivyo hivyo. Jirani, ambaye kwa miaka mingi hakuwa na salamu, alisimama kibarazani akashangaa.

"Leo vipi, mlango wazi?"

"Joto," alisema Mama Mwisho, ingawa kulikuwa na baridi, akaendelea kukunja mashuka.