Mgeni Aliyejua Alipozikwa Babu

Wiki iliyopita binamu yangu alinipigia simu kutoka Unguja. Anatafuta walipozikwa watu wetu waliouawa siku za mapinduzi kwa kosa la kuwa Waarabu tu, na babu yetu ni mmoja wao. Hakuna aliyeshtakiwa hata leo. "Wewe ndiye uliyelelewa na bibi," akanambia. "Hukusikia lolote?" Nikatia gari moto, nikaenda Sib, hapa Oman, kwenye nyumba ile ya zamani ya bibi, nikakaa jikoni peke yangu.

Ungetutembelea zama zile, rafiki yangu, ungedhani tumefungwa jela. Alasiri ikiingia tu, bibi hutia geti kufuli, kisha mlango, kisha madirisha, na joto lote la Sib likabaki nasi ndani. Nje tunawasikia watoto wa jirani wakicheza mpira, wakigombana kwa Kiarabu, na sisi tunakuna nazi huku jasho linatutiririka. Jikoni pananukia iliki na mkate wa kumimina. Geti likigongwa, bibi huacha mwiko, sote kimya mpaka ajulikane nani. Hapa Oman hakuna aliyekuwa akitutafuta, lakini nani angemwambia? "Siku ile walikuja mlango uko wazi," ndilo neno lake, basi.

Siku moja aligonga bi mkubwa mmoja, Mwafrika, jirani yake wa zamani huko shamba, Unguja. Alikuwa kaja Maskati kumtazama mwanawe anayefanya kazi. Bibi alimjua kwa sauti, akafungua. Wakakumbatiana, wakalia. Mimi nilikuwa mkekani nachagua mchele.

"Dada, nimekuja kukwambia alipozikwa mumeo," mgeni akasema. "Tulimzika mie na mume wangu, kwa siri."

Bibi aliendelea kumimina kahawa. "Usinambie."

"Utakufa hujui?"

"Nikijua alipo, watoto hawa wataniuliza nani kamuua. Na mie nnamjua. Mwanawe nimemnyonyesha kwa ziwa langu hili, ni ndugu wa wanangu. Nifanye nini sasa? Kunywa kahawa, ndugu yangu."

Mgeni akanywa. Aliondoka kabla ya magharibi.

Hayo ndiyo niliyompa binamu. Akaenda kumtafuta yule bi mkubwa, akakuta keshafariki. Binti yake alikumbuka tu kwamba mama kila Ijumaa alikuwa akifagia pahala nyuma ya nyumba, na watoto wakikatazwa kucheza hapo. Siku hizi pana hoteli ya watalii, na pale palipokuwa pakifagiwa pamechimbwa bwawa la kuogelea.

Bibi naye kafa, na jina la muuaji kafa nalo. Walioweza kutuambia wote wamekwenda. Lakini huko Unguja yuko mtu, mzee sasa, ambaye kwa ziwa ni mjomba wangu, na babake ndiye aliyemuua babu. Huenda hajui. Huenda binamu yangu hukutana naye sokoni, akampa shikamoo, naye akaitikia.