Mtani wa Marehemu Mlenda

Jamani, watu walijaa Ihumwa siku ya kumzika Daudi! Ungedhani anazikwa waziri. Kumbe ni mchekeshaji tu, yule waliyembatiza Mlenda kwa jinsi maneno yalivyokuwa yakimteleza mdomoni. Mafundi wa Kizota walifunga karakana zao, wafugaji wakatoka Chemba na vumbi lao lote, mpaka mzee Fakhruddin, muuza vipuri wa mjini, akaja kukaa chini ya turubai akijifuta macho kwa leso.

"Harusi ya binti yangu alikuja bila kualikwa," Fakhruddin aliwasimulia waliokaa naye. "Akasimama mlangoni, akadai bwana harusi ni yeye, kachelewa kwa sababu punda wake kagoma njiani. Mama yangu hakuwa mtu wa kucheka mbele za watu. Siku ile alivua meno ya bandia akayashika mkononi, apate kucheka vizuri."

Watu wakaangua kicheko, kisha wakakumbuka walikuwa wapi, wakainamisha vichwa. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi nzima. Kila mtu alikuwa na Mlenda wake wa kusimulia.

Bartolomayo peke yake hakusimulia kitu. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale Kizota, Mhehe wa Iringa, na Wahehe na Wagogo, kama mjuavyo, ni watani tangu enzi za mababu. Yeye na Daudi walikuwa chanda na pete, na salamu yao ilikuwa matusi: Mhehe mla mbwa, Mgogo ombaomba. Daudi akipita karakanani hupaza sauti, "Fungeni mbwa, Mhehe kaamka na njaa!" Naye Bartolomayo humjibu, "Mgogo, kaombe kwingine, hapa bado hatujafungua!" Wateja walicheka mpaka wakasahau kuulizia mageti yao. Mwisho Daudi akawa anamchukua kwenye maonyesho yake, wakatukanane jukwaani watu wafurahi.

Basi hapo ndipo penye balaa. Ukishamzoea mtani wako, humwamini hata akikuambia jua limechomoza.

Chini ya turubai vijana walikuwa wakipokezana simu, wanatazama video ya onyesho la mwisho, lililofanyika mnadani, penye nyama choma. Bartolomayo hakuhitaji kuitazama, sauti tu ilimtosha. Daudi anasalimia, "Mbukwenyi!" na umati unaitikia. Mara anashika kifua, anapiga goti moja. "Mhehe, nipeleke hospitali. Naumwa kweli." Na Bartolomayo, mjinga yule, anadaka kipaza sauti: "Kufa haraka basi, nyama yangu inapoa!" Umati hoi. Daudi naye akacheka, maskini, akajikongoja akasimama, akamaliza kazi yake jasho likimtiririka. Kesho yake moyo ukagoma.

"Hapa ndipo alipotumaliza!" kijana mmoja alisema, akairudisha video nyuma waone tena goti lile.

Bartolomayo aliondoka pale. Alitaka jambo moja tu: amweleze Bi Anyesi, mama yake Daudi, amwombe radhi kabla udongo haujafunika jeneza. Alikuwa amejaribu asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtani. Mbona umekuja na sura ya mfiwa? Hiyo kavae kwenu," mama alimjibu kwa sauti iliyokauka. "Kazi yako hapa unaijua."

Aliijua, na nani asiyeijua? Wafiwa wakizidiwa, mtani ndiye wa kuwachekesha. Humwigiza marehemu, huzuia kaburi mpaka apewe chochote, hutoa maneno ambayo mwingine akiyatoa atachapwa. Bartolomayo akaenda kukaa nyuma.

Mchungaji alipomaliza sala na jeneza likashushwa, watu wakaanza kugeuka huku na huku. "Mtani yuko wapi? Mtani!" Wakamsukuma mpaka akajikuta juu ya lundo la udongo, mbele ya mama. Akaona hakuna nafasi nyingine.

"Mama," alisema, "Daudi aliniomba nimpeleke hospitali, nikamcheka. Mwanao nimemuua mimi. Nisamehe."

Mtu mmoja akapasuka kwa kicheko. "Loo! Mhehe kaua, halafu anakuja kuomba radhi kaburini!"

"Jamani, nasema kweli!" Bartolomayo alilia, machozi yakamwagika.

"Mwoneni, anamwigiza marehemu! Sauti ileile!"

Hapo ndipo watu walipocheka hasa, hata waliobeba majembe wakayaegemea. Na Bi Anyesi, ambaye tangu msiba uingie alikuwa hajala wala hajalia, alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Alicheka, na kilio kilichokuwa kimemkwama kikatoka pamoja na kicheko, wanawake wakamshika.

"Nilikuwa naogopa watamzika kimya, kama mtu asiye na watu," alisema akihema. "Mungu akubariki, baba. Endelea."

Bartolomayo alimtazama. Angeweza kushuka, akamwinamia sikioni na kumwambia taratibu, na safari hii mama angemwamini. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini mama alikuwa amemkodolea macho yaliyolowa, anangoja kuchekeshwa tena.

Akayameza. Akafunga mikono mgongoni, akatoa tumbo mbele kama marehemu alivyokuwa akitembea, akaanza kulizunguka kaburi huku akimdai mchungaji pilau. Watu walicheka mpaka shimo likajaa, na hakuna hata mmoja aliyemsamehe, maana hakuna aliyejua kwamba pana la kusamehe.