Nyanya Aliponyamaza

Juzi hapa Lodwar binti yangu alilalamikia joto kutwa nzima, mpaka baba yake akamwambia, "Mtu mzima halalamiki." Nikakumbuka utoto wangu kwenye laga ya Kakuma, mto wa mchanga unaopata maji mvua inaponyesha tu.

Nyanya alikuwa ndani ya shimo tulilochimba mchangani, akinipa maji kwa kibuyu nami nikijaza mtungi. Alilalamika kama kawaida yake: mgongo, mbuzi, jua, wakwe. Nami nikalalamika kwamba mchanga unanichoma miguu.

Akanyamaza ghafla. Nikadhani nimemuudhi. Mbingu ilikuwa haina wingu, ila harufu ya udongo uliolowa ilinifikia, nikaipenda. Nyanya akaruka nje, akanishika mkono, akaacha mtungi. Tukakimbia kuelekea ukingoni.

"Nyanya, silalamiki tena!" nililia.

Alizidi kunivuta. Tulipopanda ukingoni, nyuma yetu kulinguruma, na maji mekundu ya mvua ya milimani yakafukia shimo letu.

Nyanya akaketi chini akihema. "Ona sasa, mtungi wangu umeenda! Na huu mgongo!"

Hapo ndipo nilipoacha kuogopa.

Nimemwambia mume wangu amwache mtoto alalamike. Akinyamaza, tutoke mbio.