Kutu kwenye keni ya bibi

Nilikuwa kwenye duka la vyombo pale Kikatiti, bibi mmoja akaitua keni ya maziwa kwenye kaunta. "Mlisema keni ya stenlesi haishiki kutu!"

Mama muuzaji akapitisha kidole kwenye madoa. "Anaiosha nani, bibi?"

Bibi akamwonyesha kwa midomo mumewe aliyesimama nyuma yake. "Huyo. Tangu vidole vianze kuniuma, hataki niguse maji ya baridi. Anaisugua na stili waya mpaka jasho linamtoka."

"Stenlesi ina ngozi nyembamba, babu," alisema muuzaji. "Waya unaichubua na kuacha chembe za chuma, ndizo zinazoshika kutu. Toa kutu kwa ndimu, halafu uwe unaosha kwa kitambaa. Ngozi hurudi yenyewe kwa hewa tu."

Babu akashika vidole vya mkewe. "Na hivi, vitarudi?"

Bibi akaikumbatia keni yake. "Twende nyumbani."

Ningekuwa yule bibi, hata hiyo kutu nisingeifuta; ni jasho la babu.