Ng'ombe Arobaini na Mmoja wa Salu Mayunga

Saa nane mchana, na jua la Bariadi halina mzaha. Ndani ya kiwanda cha kuchambua pamba, Salu Mayunga amezama hadi magotini kwenye pamba nyuzi, anaishindilia kwa miguu miwili kama anayekanyaga udongo wa kukandikia nyumba. Vumbi jeupe limemkaa kwenye nyusi, kwenye ndevu, mpaka masikioni. Akikohoa, wenzake hawageuki. Humu kila mtu anakohoa.

Robota likijaa wanalifunga kwa waya, wanaliviringisha nje, wanaanza jingine. Zamu nzima ni shilingi elfu moja na mia mbili. Msimu ukiisha na kazi imeisha.

"Zamani nilikuwa na namba ya ajira," anasema, akijipangusa uso kwa kipande cha kanga. "Kiwanda kilikuwa cha ushirika. Nilikuwa na likizo, nilikuwa na viatu vya kazi. Limekuja soko huria, kila mnunuzi na mizani yake, ushirika ukalala. Sasa mimi kibarua. Kila asubuhi nasimama getini kuomba."

Ana miaka hamsini na miwili. Lakini ungekwenda kijijini kwake, nje kidogo ya Lagangabilili, mwanzoni mwa mwaka huu, ukauliza watu Salu ni nani. Wangekuambia ni tajiri yule! Ana zizi la ng'ombe arobaini na mmoja. Na zizi hilo ndilo lililomponza.

Binti yake wa pili, Lukresia, yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasomea mambo ya udongo. Januari mwaka huu wa 1999 alichaguliwa, yeye na wenzake watatu, kwenda kusoma nusu mwaka Denmark kwa mpango wa vyuo kubadilishana wanafunzi. Kijiji kizima hakijawahi kumpeleka mtu ng'ambo. Mama yake, Nyamizi, alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna posa.

Kwenda huko kuna gharama, na mzazi kibarua hazimudu. Ulikuwepo mfuko wa ufadhili kwa watoto wa watu wasio na uwezo, unaolipa kila kitu, tiketi, chakula na malazi. Sharti lilikuwa moja tu, fomu ya mali ya familia, ijazwe na mtendaji wa kijiji akiona kwa macho yake.

Mtendaji, bwana mmoja aitwaye Thomasi, alifika Jumamosi jioni mifugo ikirudi. Kama ilivyo kijijini, hakuja peke yake. Alikuja na wajumbe wawili, na majirani wakasogea kusikiliza. Akahesabu mpaka arobaini na mmoja, kisha akauliza, kalamu mkononi, "Ng'ombe hawa ni wa nani, ng'wana Mayunga?"

Salu akajibu, "Ni wangu."

Jamani, hawakuwa wake! Wake walikuwa wawili, jike na ndama. Thelathini na tisa waliobaki ni wa Mahona, mtoto wa shangazi yake, mfanyabiashara wa samaki huko Lamadi, kando ya ziwa. Mahona akipata faida ya dagaa hununua ng'ombe, na ng'ombe alikuwa akiwaleta kwa Salu, mbali na macho ya wake zake, ndugu zake na watu wa kodi. Salu alikuwa akiwatunza. Malipo yake yalikuwa maziwa, samadi, maksai wa kulimia, na siku moja, mwenye mali akipenda, mtamba, ng'ombe jike mchanga, awe wake.

Hiyo si ajabu Usukumani. Ng'ombe wa mwenzako akilala zizini mwako, unamtunza na siri yake unaitunza. Kumtaja mwenyewe hadharani ni kumvua nguo, na wewe mwenyewe unabaki uchi, mzee mzima usiye na kitu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nyamizi alijua. Watoto hawakuambiwa, hata Lukresia, aliyekua akiwakamua ng'ombe hao na kuwaita wa baba.

"Na si aibu tu," Salu anasema. Hapo anainamisha kichwa, maana anajua ataonekana mjinga. "Nilifikiri itamsaidia. Kwetu ukienda kuomba kitu kwa watu, huendi kama fukara. Ukienda kuposa, unaonyesha zizi. Nikasema, hao Wazungu wanataka kujua huyu mtoto ametoka kwa watu wa namna gani. Basi wajue ametoka kwa watu."

Thomasi akaandika, ng'ombe arobaini na mmoja, mali ya mzazi. Akagonga muhuri.

Majibu yalikuja Aprili. Familia ina uwezo, walisema waheshimiwa wa mfuko. Kwa huruma wangegharimia chakula na malazi. Tiketi ya ndege, laki tisa, ilipwe na mzazi kabla ya mwisho wa Mei.

Laki tisa! Kwa bei ya mnadani ni ng'ombe kumi na tano. Lukresia alipiga hesabu hiyo hiyo huko chuoni, akaandika barua. Salu anaitembeza ndani ya mfuko wa nailoni, kwenye mfuko wa shati. Anaitoa kwa ncha za vidole asiichafue.

"Baba, shikamoo," inasema. "Nakuomba kumi na tano tu. Watabaki ishirini na sita. Nikimaliza masomo na kupata kazi nitakununulia wengine, nakuapia."

Salu alipanda basi siku ya pili kwenda Lamadi. Alimkuta Mahona kwenye mchanga, anasimamia wanawake wanaoanika dagaa. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za watoto. Kisha Salu akatoa ombi lake. Ama Mahona aandike kwa mkono wake kwamba ng'ombe ni wa kwake, barua ipelekwe kwenye mfuko. Ama amkopeshe kumi na tano.

"Wa kukopesha sina, nusu ya majike wana mimba," Mahona alijibu. "Na kuandika! Niandike jina langu nipeleke serikalini? Kesho ndugu zangu wote wako mlangoni, na mtu wa kodi mbele yao."

"Ni mtoto wako pia, Mahona."

"Ni mtoto wangu, ndiyo. Kwani asipokwenda huko kwenye baridi atakufa?" Halafu akasogea karibu, akashusha sauti. "Kwanza niambie. Umeshanitaja kwa mtu?"

Salu alimwapia kwamba hajamtaja. Alikuwa anasema kweli, na hakuaminiwa. Mtu aliyekuja kukuomba ujitaje, utamwamini ukalala usingizi?

Mei ikaisha. Binti hakulipiwa tiketi, nafasi akapewa mwanafunzi aliyekuwa wa tano, na mwezi uliopita ndege ikaondoka na wenzake. Barua ya pili ya Lukresia ilikuwa mistari minne. Hiyo Salu hataki isomwe, ila maneno yake anayajua kwa moyo. "Aliniambia, 'Baba, sasa nimejua nani mwenye thamani kwako, na ana mikia arobaini na mmoja.'"

Anaikunja barua ya kwanza, anairudisha mfukoni. Mashine inanguruma nyuma yake.

"Ningemjibu nini?" anauliza. "Nikisema si wangu, nimemsaliti Mahona. Nikinyamaza, nimemuua mtoto. Nikanyamaza. Nilidhani nyumbani akija likizo nitamweleza kwa mdomo, tukiwa wawili." Likizo ya Julai ilikuja ikapita. Lukresia alikaa chuoni.

Katikati ya Julai hiyo hiyo, siku mbili baada ya kiwanda kufunguliwa, vijana watatu walifika kijijini asubuhi na fimbo zao. Walikuwa na ujumbe mmoja, wametumwa kuchukua wa Mahona. Nyamizi ndiye aliyekuwepo. Aliwafungulia zizi mwenyewe, akawahesabia thelathini na tisa, majirani wakitazama. Siri iliyogharimu tiketi ya ndege ikatoka zizini mchana kweupe, inatembea kwa miguu minne kuelekea Bukundi, kwa mtunzaji mwingine.

"Nilimwambia tangu siku ile ya Thomasi," anasema Nyamizi, jioni hiyo nyumbani kwao, akipepeta mtama. Haongei kwa upole. "Nilimwambia, mfuate mtendaji ofisini, peke yake, umnong'oneze. Yeye aibu! Haya, aibu imekusaidia nini? Maziwa ya kutosha hatuna. Maksai hatuna, mwaka huu tutalima kwa jembe la mkono. Na mtoto hatuna."

"Mayu, mama, mtoto tunaye," Salu anamjibu taratibu.

"Yuko wapi?"

Salu anaokota ungo wa pili, anapepeta naye. Ameandika barua tatu tangu ng'ombe waondoke, akieleza yote. Hakuna iliyojibiwa. Hajui kama zinafika, au zinafika zikachanwa, au zinasomwa na binti anasema mzee amepata pa kujifichia.

Mwandishi wa makala haya alipoinuka kuaga, Salu alimsindikiza mpaka njia kuu. Huko ndiko aliposema alichotaka kusema tangu mchana.

"Gazeti lako linafika vyuoni?"

Akaambiwa linafika.

"Basi andika jina langu lote. Salu Mayunga, kibarua. Andika nilikuwa mchungaji wa ng'ombe wa mtu, wangu ni wawili. Mtaje Mahona, hana tena cha kunifanya. Andika nilidanganya mbele ya kijiji, na mimi mwenyewe nimekwambia."

Nyamizi, aliyewafuata nyuma, akashika mdomo. "Bariadi nzima itakucheka, ng'wana Mayunga."

"Wacheke." Alisimama hapo, pamba bado iko kwenye nyusi. "Barua yangu anaweza kuichana bila kuifungua. Gazeti hatajua kwamba limetoka kwangu mpaka awe ameanza kulisoma."