Siku Niliyofuta Moshi Bariadi

Nilirudi Bariadi na diploma ya nishati niliyojilipia mwenyewe ughaibuni, nikamwahidi baba mdogo kwamba kinu chake cha mafuta ya alizeti kitaendeshwa na jua, bila moshi. Akakubali kuuza injini yake ya dizeli.

Asubuhi ya uzinduzi, mama aliniuliza aanike wapi michembe yake, vile viazi vya kukausha. Nikiwa nimezama katika ndoto zangu za makuu, nikamjibu kwa maringo, "Panda kwenye paa la kinu. Paneli zangu zinashika jua lote la Simiyu!"

Injini ikapakiwa garini, mama naye akaanza kupanda ngazi na ungo wake. Nikawasha swichi, kinu kikanguruma taratibu, mafuta yakachuruzika kama asali. Nikafumba macho, nikauona mkoa mzima hauna moshi, na jina langu linaelea juu yake. Nilipofumbua, kinu kilikuwa kimezima.

"Shusheni injini," baba mdogo akawaambia wapakiaji.

"Subirini, mtaalamu nipo!" Nikapanda ngazi, umati ukinitazama. Sikuona paneli hata moja. Niliona michembe tu, imetandazwa vizuri juu ya vioo vyote.

"Usiiguse, mwanangu!" mama akapaza sauti kutoka chini. "Si ulisema jua lote liko hapo? Bado haijakauka."