Wimbo wa Korbinian

Ottmar Kleinhenz alitunga muziki wa filamu hapa Munich, na nchi nzima ikaupenda: filamu za milima, za harusi, za mapadri wachekeshaji. Mimi nilimpigia tarumbeta miaka mingi, kwa hiyo sitampamba. Alikuwa fundi, na alikuwa mwoga.

Filamu iliyompa jina ilimkuta hana wimbo kichwani. Mwenye filamu alikuwa anamkaba koo, na bibi harusi wa kwenye picha anashuka mlima kimyakimya, anasubiri muziki. Basi Ottmar akachukua wimbo wa Korbinian, rafiki yake wa chuoni, aliyeutunga na kumpigia kwenye piano kabla ya kwenda kufia vitani Urusi. Akabadilisha noti moja, ili roho itulie.

Siku ya kurekodi, picha ilionyeshwa ukutani huku tukipiga. Fidla ya kwanza alikuwa Wiltrud, dada yake Korbinian. Alipofika kwenye noti ile iliyobadilishwa, hakupiga kilichoandikwa. Alipiga noti ya kaka yake.

Ottmar, aliyekuwa akituongoza, akashusha kijiti. "Bi Wiltrud, hiyo haimo."

"Ee, naona haimo." Uso ulikuwa umemwisha damu. "Vidole vyangu vimezoea hivyo, Bwana Kleinhenz. Nirekebishe mimi, au utarekebisha wewe?"

"Leo kazi tunayo!" jirani yangu wa tromboni akasema. "Fidla inatunga yenyewe!" Tukacheka, wajinga sisi. Ottmar hakucheka. Angetaja jina moja tu, nalo lingeandikwa kwenye filamu. Nilimwona akifungua mdomo.

"Piga kama ilivyoandikwa," akasema.

Akapiga. Wimbo ule ukawa haukosi harusini, na kila ulipopigwa Ottmar alitoka nje kuvuta sigara. Mwishowe akaacha kabisa kwenda harusini. Wiltrud aliendelea kumpigia filamu zake zote, akimwamkia kwa adabu, na adabu ile ilimtafuna.

Ottmar alipolazwa hospitali, mapafu yamekwisha, aliniomba nimwite Wiltrud. Akamwambia yote huku analia: jina la Korbinian litawekwa, magazeti yataambiwa, kila kitu.

Wiltrud akamfuta uso kwa leso.

"Ahsante, Ottmar. Lakini wakati ule mama yetu alikuwa hai. Nilimpeleka sinema. Aliusikia, akanishika mkono, akaniuliza mbona jina la mwanawe hakuliona. Nikamwambia, 'Mama, macho yako yamechoka.'"